Maji ya Konde la Kumi na Nne

Jumapili, 3 Novemba

Mwalimu wa biolojia ametaka kila mmoja wetu achague kitu kimoja, akiangalie msimu mzima na kukiandika. Wenzangu wamechagua paka, mwezi, hata uzito wao wenyewe. Mimi nimechagua saladi ya konde la kumi na nne, kwa sababu iko njiani nikitoka shule, na kwa sababu haitanilazimu kuzungumza na mtu.

Konde si letu. Baba ni mwagiliaji wa kampuni. Miche ya nusu ya kaskazini ina majani manne na nusu ya kusini ndiyo kwanza imepandwa. Upande mmoja kuna mfereji, na ng'ambo ya mfereji, mwendo wa dakika kumi, liko zizi la kunenepeshea ng'ombe. Upepo ukitoka huko Mama hafungui madirisha.

Leo baada ya misa tumejaza karatasi za maji kama kila Jumapili. Maji ya mfereji hutiwa klorini na pampu ndogo kabla ya kunyunyiziwa saladi, na kila siku Baba huchovya kikaratasi ndani yake, akaangalia rangi inaonyesha klorini kiasi gani, akaandika namba kwenye kijitabu chake cha mfukoni. Kampuni haitaki kijitabu chenye matope. Inataka fomu za Kiingereza. Basi yeye husoma, mimi naandika.

"Jumatatu?"

"Nne."

"Jumanne?"

"Nne."

"Baba, hii pampu yako haijui namba nyingine?"

"Ina adabu zake, Katibu. Andika."

Mimi ndiye Katibu. Jina langu ni Graciela, wengine wananiita Chela, lakini Baba tangu nilipojaza fomu ya kwanza nikiwa na miaka kumi na miwili ananiita hivyo.

Jumamosi, 9 Novemba

Nilikwenda na Baba konde la tisa, ambako kundi la Shangazi Ofelia linakata. Shangazi ni dada yake Baba. Anaongoza watu ishirini na wanne, na sauti yake inafika hata kwa wasio wake. Wakataji waliponiona na daftari wakaanza.

"Jamani, Katibu kaja! Andika hapo mgongo wangu umekufa leo saa mbili!"

"Mwandike na huyu Chuy, anakata kama anambembeleza mchumba!"

Nikaona haya, nikajifanya naangalia ardhi. Ndiyo maana niliona bendera nyekundu. Koyote, mbweha wa huku jangwani, alipita akaacha kinyesi, na Bi Arce alikuwa amechora duara kukizunguka. Bi Lorena Arce ndiye msimamizi wa usalama wa chakula wa kampuni. Ndani ya duara lile hakuna anayeruhusiwa kukata hata jani moja, ingawa saladi zake zilikuwa nzuri kuliko zote. Nilimuuliza kwa nini duara liwe kubwa hivyo. Aliinama tukawa sawa kwa kimo, akanieleza polepole: kijidudu hakionekani, na kuosha hakukitoi chote, kwa hiyo mlinzi wa chakula ni shamba, si jikoni. Kisha akasema, "Wewe ndiye mwenye ule mwandiko? Ofisini tunauonyesha kwa wageni." Alinipa kalamu nne za kampuni.

Nikimaliza shule nataka kuwa kama Bi Arce. Hata viatu vyake ni safi.

Jumapili, 17 Novemba

Nne, nne, nne, nne, nne, nne, nne.

Jumatano, 27 Novemba

Upepo kutoka zizini. Mama ameanua nguo zote akazifua upya huku akiwataja ng'ombe mmoja mmoja kwa majina aliyoyabuni.

Alhamisi, 12 Desemba

Siku ya Mama Yetu wa Guadalupe. Damián, kitinda mimba wa Shangazi, ana miaka minne. Kama desturi ya watoto siku hiyo, alivalishwa joho dogo na kuchorwa masharubu kwa makaa. Katikati ya ibada akapiga chafya, sharubu moja likaenda shavuni. Padri mwenyewe alicheka.

Jioni alikaa mapajani mwangu. Damián hali peremende. Anachopenda ni moyo wa saladi, yale majani meupe ya ndani kabisa, kwa limau na chumvi. Shangazi huleta kichwa kimoja au viwili kutoka kazini, kama wakataji wote. Mimi ndiye mwandalizi wake, kwa sababu anasema wengine wanabania chumvi.

Jumapili, 15 Desemba

Kesho mitihani inaanza. Na Jumapili ijayo ni siku ya kutengeneza tamale za Noeli kwa Shangazi, ule unga wa mahindi na nyama tunaoufunga kwenye maganda, hakuna atakayepata nafasi ya kukaa na fomu. Nilipomaliza za wiki iliyopita nikasema, "Baba, nipe na za wiki hii tuzimalize."

"Zipi? Sijapima bado."

"Ni nne, Baba. Zimekuwa nne msimu mzima."

Alikuna shingo. "Haya mambo hayaandikwi kabla."

"Ikibadilika utaniambia, nitaandika upya."

Akacheka. "Serikali imeamua." Akatia sahihi zote saba, moja baada ya nyingine, ile sahihi yake inayofanana na uzio ulioanguka.

Jumanne, 17 Desemba

Mtihani wa historia. Upepo mkali tangu asubuhi, kutoka zizini. Basi la shule liliwasha taa mchana. Ukilamba midomo unaonja vumbi, na unajua ni vumbi la nini.

Jumatano, 18 Desemba

Nimerudi nimemkuta Baba jikoni na buti zake, jambo ambalo Mama haliruhusu, na Mama anamchemshia kahawa. Macho ya Baba yalikuwa mekundu. Hakulala.

Pampu ya klorini imeharibika tangu jana saa tisa alasiri. Mpira wa ndani umepasuka na kipuri kiko Phoenix, mji mkuu wa jimbo letu. Hilo peke yake lisingekuwa neno, angefunga maji akasubiri. Lakini jana utabiri ulisema jalidi itaanguka, ile barafu nyembamba ya alfajiri. Saladi ikishikwa na jalidi majani yanaganda na kuchubuka ngozi, na njia ya kuiokoa ni kuwasha vinyunyizio usiku kucha, maji yaendelee kutiririka juu yake hadi jua litoke. Maji ya mfereji ndiyo hayohayo. Na mfereji jana ulikuwa na utando wa vumbi la zizi, rangi ya chai ya maziwa.

Alimpigia Bi Arce. Ananisimulia huku akiizungusha simu mezani.

"Nikamwambia, bibi, sina klorini. Akaniuliza, 'Heriberto, usipowasha tutapoteza kiasi gani?' Nikamwambia lote. Akasema, 'Washa. Kipuri kinakuja Alhamisi.' Basi nikawasha."

"Na ulifanya vizuri," Mama akasema. "Ungefanyaje, uiache ife wakuulize wewe?"

Baba akanigeukia. Akaniambia, "Asubuhi yote ilikuwa imevaa kioo, Katibu. Jani moja moja. Ungependa."

Alhamisi, 19 Desemba

Jalidi tena. Maji tena. Kipuri hakijafika.

Ijumaa, 20 Desemba

Kipuri kimefika, pampu inafanya kazi. Mtihani wa biolojia ulikuwa rahisi. Swali la mwisho lilihusu kuzaliana kwa bakteria, nikajaza ukurasa mzima na kuomba mwingine.

Niliporudi, bahasha ya fomu haikuwa juu ya friji. Baba ameshampa Bi Arce, kama kila Ijumaa, na za wiki hii zimo. Ndani yake Jumanne ni nne, Jumatano ni nne, Alhamisi ni nne. Nilisimama pale jikoni. Nitamwambia Baba Jumapili, ziandikwe upya.

Jumapili, 22 Desemba

Tamale mia mbili na arobaini. Mikono inanuka pilipili. Nyumba ilikuwa imejaa watu, nami siwezi kusema jambo nyumba ikijaa watu.

Jumatatu, 23 Desemba

Kundi la Shangazi limeanza kukata nusu ya kaskazini ya konde letu. Walisubiri hadi saa nne barafu iyeyuke, wamekaa kwenye makreti wakipiga miguu chini.

"Saladi hii imelala hotelini," Shangazi alisema akimtania Baba. "Imeoga usiku kucha wakati wanangu hawana maji ya moto!"

Walicheka wote. Baba alitabasamu kwa mdomo tu.

Jumanne, 24 Desemba

Mkesha wa Noeli kwa Shangazi. Alileta vichwa vitatu. Nikavitenganisha jani kwa jani, nikaosha mara tatu. Mara tatu, nilihesabu. Nikampa Damián moyo, limau, chumvi.

"Zaidi," akasema.

Nikampa wa pili.

Jumamosi, 28 Desemba

Damián anaharisha. Shangazi anasema ni tamale, Mama anasema si zake.

Jumanne, 31 Desemba

Damu. Amelazwa hapa mjini.

Ijumaa, 3 Januari

Wamempeleka Phoenix kwa helikopta. Figo zake zimesimama. Shangazi hakuruhusiwa kupanda, Baba akampeleka kwa gari, mwendo wa saa tatu. Baba anasema walipofika Gila Bend, mji mdogo wa katikati ya safari, Shangazi aliuliza, "Heriberto, nimemlisha nini mwanangu?" Naye akaendelea kuendesha.

Si Shangazi aliyemlisha. Nilimlisha mimi.

Jumatano, 8 Januari

Shule imefunguliwa. Kwenye habari wanasema watu thelathini na wanne wameugua katika majimbo saba, kijidudu kimoja, na wengi walikula saladi. Bibi mmoja amefariki. Hawajui imetoka shamba lipi. Watangazaji wanawaambia watu waoshe mboga zao vizuri.

Nilizima redio. Mama akaiwasha. Nikaizima tena. Hatukutazamana.

Jumapili, 12 Januari

Tumekwenda Phoenix. Damián amekuwa wa rangi ya nta. Mashine inatoa damu yake, inaisafisha, inamrudishia. Mrija wake umefungwa kitambaa chenye picha za dainosari. Nilimsomea kitabu, akalala ukurasa wa pili.

Shangazi Ofelia yule mwenye sauti alikuwa akinong'ona. Alinishika mkono akasema, "Asante kwa kuja, mwanangu. Anakupenda wewe kuliko sisi." Nilikwenda msalani nikakaa huko mpaka Mama akaja kugonga.

Leo hatukujaza fomu. Baba alikaa mezani tuliporudi, akaweka kijitabu mbele yake, kisha akakirudisha mfukoni.

Jumanne, 14 Januari

Wakaguzi wa serikali wamefika. Mmoja ni mama wa makamo, Bi Halvorsen, anavaa kofia ya majani na anatembea na chupa za kuchotea maji. Amewahoji wote, amepekua fomu. Baba anasema aliuliza mambo matatu tu, na yeye akajibu, "Yote yako kwenye karatasi, bibi."

"Ukamwambia hivyo?" nikauliza.

"Bi Arce alikuwa amesimama pale."

Alhamisi, 16 Januari

Bi Arce amekuja nyumbani. Hajawahi kuja. Mama alimpa kahawa na biskuti za mdalasini, akaketi ukingoni mwa kiti.

Alisema mashamba mengi yamekutwa na upungufu wa karatasi, letu halina. Kwa sababu hiyo konde la kumi na nne limeondolewa kwenye orodha ya mashamba yanayoshukiwa, na Jumatatu nusu ya kusini itakatwa. Nusu ile ilinyunyiziwa maji yaleyale, siku zilezile.

Baba akasema, "Na zile siku mbili, bibi?"

"Siku zipi?"

"Za jalidi."

Bi Arce akaweka kikombe chini. "Heriberto, fomu zako zina namba. Mimi nilizipokea zina namba. Sasa tukianza kuongeza maneno, wa kwanza kuulizwa ni aliyetia sahihi." Akanitazama. "Na aliyeandika."

Hakusema kwa ukali. Nadhani anaogopa, na si kwa ajili ya kampuni. Ana watoto wawili chuoni, ameniambia mwenyewe. Alipoinuka nikaona viatu vyake, safi kama siku ile. Nilikumbuka duara la koyote. Tuliacha saladi arobaini zioze kwa ajili ya kinyesi kimoja, tukalinyunyizia konde zima vumbi la ng'ombe maelfu kwa usiku mbili.

Alipoondoka Mama alisema, "Hakuna atakayefungua mdomo humu ndani. Baba yenu ana miaka kumi na tisa hapa na kadi ya ukaazi ya kuombea upya mwezi wa tano. Mmenisikia?"

"Baba yenu" na mtoto ni mmoja tu. Mama akiogopa huwa tunakuwa wengi.

Jumamosi, 18 Januari

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Desemba 18, mwandiko wangu: pampu imeharibika. Kule ofisini, Desemba 18, mwandiko wangu: nne. Herufi zilezile, kalamu ileile ya kampuni.

Sikuwa nimedanganywa na mtu. Nilitaka Jumapili yangu iwe huru.

Jumapili, 19 Januari

Mama alibaki kanisani kwa mkutano wa kina mama. Baba alikuwa akirekebisha bomba la uani. Nilisimama nyuma yake. Nilikuwa nimejiandalia sentensi, zikatoka zote kichwani.

"Baba, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Za wiki ile. Nilisema ikibadilika nitaandika upya. Ijumaa nilikumbuka. Nikakaa kimya. Na moyo wa saladi nilimpa mimi, miwili, aliomba nikamwongeza."

Aliweka spana chini. Nilidhani atapiga kelele, na nafikiri ningefurahi.

"Nilikumbuka Jumatano," akasema. "Niko pale na tochi, maji yanapita juu ya saladi, nikakumbuka kwamba nyumbani kuna karatasi inayosema yote ni mazuri. Unajua nilihisi nini? Nafuu. Nilisema, asante Mungu, Katibu ameshaandika."

Alisema hivyo kwa kushukuru kweli. Akajifuta mikono kwenye suruali.

"Kesho wanakata saa ngapi?" nikauliza.

"Jua likitoka."

Akainuka. "Lete fomu tupu."

Tukakaa mezani, mahali petu. Nikaandika Desemba 17. Konde 14. Saa. Nilipofika penye klorini nikangoja anisomee.

"Hapana," akasema. "Nipe kalamu."

Baba hushika kalamu kama anayeshika kitu kinachoweza kumng'ata. Akaandika sifuri. Ilikuwa kubwa mno kwa kisanduku, ikatoka nje pande mbili. Akaandika ya pili, ya kumi na nane. Ya tatu, ya kumi na tisa. Chini akataka niandike maneno, akayasema polepole: pampu mbovu, maji ya mfereji, tuliambiwa tuwashe. Kisha akasema, "Futa 'tuliambiwa'. Andika, 'niliambiwa, nikawasha'."

Mama aliingia tukiwa hapo. Alizisoma zile fomu amesimama, na koti mwilini. Akaketi. Baadaye sana akasema, "Vaa shati lile la buluu. Usiende kwa serikali unanuka bomba."

Bi Halvorsen anakaa kwenye moteli karibu na barabara kuu. Alifungua mlango na mswaki mkononi. Baba alimpa fomu tatu na kijitabu chake cha matope, chenye mistari mitatu mitupu mahali pa tarehe zile, kwa sababu siku ambayo hakupima hakuandika. Mimi nilimpa nakala za kurasa za daftari hili. Alisoma, akatoa zile za ofisini akazilinganisha, akauliza, "Mwandiko huu wa fomu za zamani na hizi ni wa nani?"

"Wangu," nikasema. Sauti ilitoka vizuri kuliko nilivyotarajia. "Za kwanza ni uongo. Hizi ni kweli."

Akaingia ndani kupiga simu, ameusahau mswaki mkononi.

Jumatatu, 20 Januari

Hawakukata.

Jumatano, 29 Januari

Trekta zimeifukia nusu ya kusini. Niliiona kutoka kwenye basi. Kijani chote kikageuzwa, ndege weupe wakifuata nyuma.

Baba ameachishwa kazi. Bi Arce naye. Shangazi anajua kila kitu, Baba alimwambia mwenyewe hospitalini. Anasema alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Toka, Heriberto. Si milele. Leo toka."

Jumapili, 16 Februari

Baba anapakia malimau kwa mtu wa Somerton, mji jirani, siku kwa siku. Kadi ya ukaazi haijulikani itakuwaje. Mezani hatuna cha kujaza. Tunacheza karata, na ananiibia waziwazi.

Wakataji wengine hawatusalimii kanisani. Chuy alitusalimia. Alisema, "Katibu, andika kwamba nimesalimia."

Jumamosi, 8 Machi

Msimu umekwisha, mabasi ya wakataji yameelekea California. Leo Shangazi alinipigia simu, mimi, si Baba. Sauti yake imerudi nusu.

"Mtoto karudi nyumbani. Anakuulizia. Njoo."

"Na Baba?"

"Mwambie alete malimau."

Damián amekonda na atarudi Phoenix kwenye mashine mara tatu kwa wiki, mpaka figo ziamue. Alinionyesha kovu kama anayeonyesha medali. Baba alibaki mlangoni na mfuko wa malimau, Shangazi akaupokea bila kumtazama, kisha akamsogezea kiti kwa mguu.

Damián akanivuta mkono hadi jikoni, akapanda kwenye stuli yake, akafungua mdomo kusubiri.

Nikakata limau. Nikatia chumvi, si kidogo. Nikampa kipande, akakifyonza, akakunja uso, akacheka. Halafu akatazama sahani.

"Na majani?"

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu. Sote watatu tulisubiri nijibu.